Komeo Upande wa Nje

Kivuti aliikuta maiti Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alipopita nyuma ya nyumba ya Mwalimu Kaimenyi kuwapelekea ng'ombe majani. Mwanamume alikuwa amelala chali chini ya mnara wa tangi la maji. Ngazi iliegemea mnara, na mfuko wa vifaa ulikuwa kando yake. Kivuti aliutupa mzigo wa majani akakimbia barabarani akipiga mayowe, na mtaa mzima wa Kinoru ukaamka.

Sajini Kajuju alipofika na Koplo Ireri, watu walikuwa wamejaa langoni na kila mmoja alikuwa na jibu lake.

"Ni fundi tu," mmoja alimwambia. "Ameteleza kwa ngazi. Si jana kulinyesha?"

"Fundi tu ana jina?" Kajuju aliuliza.

Yule mtu akageuka pembeni. Jina lilitolewa na Kivuti: Mutugi, yule wa kurekebisha mifereji inayovuja, bawaba za milango, pasi zilizokufa na mishikio ya sufuria. Nusu ya nyumba za Kinoru alikuwa ameziingia. Kajuju mwenyewe alikuwa na kitasa nyumbani kwake ambacho Mutugi alikitengeneza huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya. Alipouona uso wake pale chini, alihisi hasira ikimpanda kabla hata hajajua amkasirikie nani.

Alichuchumaa. Mgongo wa marehemu ulikuwa umelowa tope, lakini kifua cha shati kilikuwa kikavu, na umande kidogo tu juu yake. Nyayo za viatu vyake zilikuwa safi. Kisogoni palikuwa na jeraha moja, dogo na la kina.

"Ireri, jana mvua ilianza saa ngapi?"

"Saa tisa. Ikakatika giza likiingia. Nilikuwa nje, ilinipiga yote."

Kajuju akafungua mfuko. Alikuta bisibisi mbili, patasi na skrubu za mbao. Hapakuwa na spana ya bomba, wala tepu ya kuzuia maji, wala nyundo.

Mke wa Mwalimu, Maxine, aliwakaribisha sebuleni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpole, macho yamevimba kwa kulia. Alimwaga chai, akasogeza pembeni kikapu cha nguo zilizokunjwa vizuri ili wapate pa kukaa.

"Pole kwa kazi, mama," Kajuju alisema. "Naona umekatizwa."

"Si kazi. Nilifua jana asubuhi, nikaanika, bado kupiga pasi tu." Akajifuta macho. "Huyo kijana nilimwita mimi. Tangi lilikuwa linavuja. Alikuja saa nane, nikamwonyesha, nikamwacha akipanda ngazi. Mimi nikaenda mkutano wa akina mama kanisani. Nilirudi giza limeshaingia, nikajua ameshaenda. Kumbe alikuwa hapo nje usiku wote, Mungu wangu."

"Mwalimu alikuwa wapi?"

"Embu, tangu Jumatatu. Nimempigia, yuko njiani."

"Nani mwingine anaishi hapa?"

"Hakuna. Dada yake Mwalimu, Sista Cicily, ndiye tulikuwa tunakaa naye. Boma ni lake, hata zile nyumba za kupangisha kule nyuma. Alikuwa nesi. Akapata kiharusi, maskini, tukaja kumtunza. Sasa ameenda kwa watu wa marehemu mumewe, huko Kiambere. Hewa ya joto inamfaa."

Kajuju alishukuru kwa chai, akatoka nje kwa Kivuti, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe karibu na zizi.

"Mzee, jana ulifanya kazi mpaka saa ngapi?"

"Saa sita. Mama aliniambia niende mapema, nipumzike. Miaka miwili nafanya kazi hapa, sijawahi kuambiwa nipumzike." Akatazama chini. "Madam, sijui kama ni neno la maana. Jana niliacha wilbaro imejaa samadi. Leo nimeikuta imeoshwa. Na huku nyuma kumefagiwa. Sasa mtu anafagia tope?"

Kajuju akageuka kuangalia. Kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mnara, udongo mwekundu ulikuwa umechorwa na meno ya ufagio.

*

Saa nne asubuhi walikuwa wamerudi kituoni, na huko kesi ilikuwa imeshakwisha. Konstebo Kiunga wa dawati la mapokezi alisimama mlangoni akitabasamu.

"Sajini, nimekurahisishia. Mtu wako yuko ndani. Abdi, fundi wa Gakoromone. Wiki jana alipigana na marehemu sokoni mbele ya watu wote, wakigombania mteja. Alisema atamvunja kichwa. Na daktari wa mochari amepiga simu: ni nyundo, si kuanguka. Unataka nini tena?"

Ndani, Abdi alikuwa ameketi sakafuni. Mdomo wake ulikuwa umepasuka.

"Nani amempiga huyu?" Kajuju aliuliza.

"Alikataa kuingia kwenye gari," Kiunga alisema.

"Nimeuliza ni nani."

Kajuju akavuta viti viwili, akamketisha Abdi kwenye kimoja, akampa maji. Kiunga alibaki ameegemea ukuta.

"Bwana Abdi, jana mchana ulikuwa wapi?"

"Gakoromone, hoteli ya pale juu ya soko. Nilikuwa chini ya sinki lao tangu adhuhuri mpaka magharibi. Waulize. Mpishi alinikanyaga miguu siku nzima."

Kajuju akamtazama Ireri, na Ireri akatoka kwenda kupiga simu.

"Mlipigana na Mutugi?"

"Tulipigana, ndiyo. Mafundi hupigana. Alinichukulia mteja, nikamchukulia wawili, tukashikana mashati. Jumatatu jioni alikuja kwangu mwenyewe kama hakuna kilichotokea. Alisema, 'Abdi, mimi na wewe tutagombana kesho, leo nisikilize.'"

"Alitaka nini?"

"Alikuwa ameitwa nyumba moja Kinoru kubadilisha komeo la mlango. Lile la zamani lilikuwa linalegea, wakataka kubwa zaidi. Lakini komeo lenyewe linafungwa upande wa nje, la chumba cha ndani. Mimi nikamwambia, labda ni stoo. Akaniambia, 'Stoo haikohoi.'"

Kajuju akasogeza kiti chake karibu.

"Alisikia mtu akikohoa," Abdi aliendelea. "Halafu akasikia kucha zikikwaruza mbao. Akamwambia yule mama hana skrubu za saizi ile, atarudi kesho. Akatoka mbio. Nikamwambia, ndugu yangu, haya si ya mafundi, nenda polisi."

"Kwa nini hakuja?"

Abdi akainua uso. Hakumtazama Kajuju. Alimtazama mtu aliyeegemea ukuta.

"Alikuja. Jana saa tatu asubuhi. Nilimsindikiza mpaka pale nje. Muulize huyo alimwambia nini."

Kajuju akageuka polepole.

"Kiunga?"

"Sajini, watu wanakuja hapa na hadithi kila siku..."

"Alikuambia nini?"

"Alisema kuna mtu amefungiwa kwa nyumba ya Mwalimu Kaimenyi. Mwalimu! Mzee wa kanisa! Amenifundisha darasa la saba! Nikamwambia hayo ni mambo ya familia, aende kwa chifu. Au alete ushahidi."

"Ukamwambia alete ushahidi."

"Ndivyo tunavyowaambia wote."

"Basi alienda kuuleta," Kajuju alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba Kiunga alilazimika kuinama ili aisikie. "Na leo asubuhi ulipomsikia amekufa, na nyumba ni ile ile, ukanyamaza. Ukaenda kumkamata mtu pekee aliyejua kwamba alikuja hapa, ukampasua mdomo."

Kiunga alijitoa ukutani, akasogea kuelekea mlangoni.

Ireri alirudi. "Hoteli wanakubali. Mpishi, mhudumu, hata mwenye hoteli. Na jambo lingine, Sajini. Mimi ni wa kule Mbeere, shangazi yangu ameolewa Kiambere, karibu kabisa na watu wa mumewe Sista Cicily. Nimempigia. Anasema huyo mama hawajamwona tangu mazishi ya mume. Wao wameambiwa yuko Kinoru, mgonjwa, hataki wageni."

Kajuju alikuwa ameshachukua funguo za gari.

*

Mwalimu Kaimenyi alikuwa amefika. Alisimama sebuleni na koti lake la safari, mrefu, mvi zimechanwa vizuri.

"Sajini, tumeshirikiana nanyi vya kutosha," alisema. "Kijana ameanguka. Tutasaidia mazishi. Mke wangu amechoka."

"Jana ulikuwa wapi, Mwalimu?"

"Embu, kwa wakili wangu, mpaka jioni. Nikalala kwa shemeji yangu huko huko. Unataka namba zao?"

"Nitazichukua." Ireri aliandika, akatoka nje kupiga. Kajuju alibaki akiwatazama wawili hao. Njiani alikuwa amemshika Mwalimu akilini kuwa ndiye muuaji, kama mtu anayeshika shingo ya kuku. Ireri aliporudi na kutikisa kichwa kukubali, kwamba wakili na shemeji wote wanathibitisha, akalazimika kumwachilia.

"Nyumba hii ina vyumba vingapi?"

"Una kibali cha kupekua?"

"Nina sababu ya kuamini kuna mtu hatarini humu ndani. Ukinizuia, nitakufunga pingu kwanza, tuzungumzie kibali baadaye."

Alipita katikati yao. Ushoroba ulikuwa mrefu na wenye giza. Mwishoni palikuwa na kabati la nguo lililosukumwa hadi ukutani, na mbele yake, kwenye sakafu iliyong'arishwa kwa nta, mikwaruzo miwili mipya. Kajuju akapapasa kwa kidole pembeni mwa kabati. Kidole kilirudi na unga wa mbao.

"Hiyo ni stoo ya vitabu vyangu," Mwalimu alisema nyuma yake.

Nyuma ya kabati, mtu akakohoa.

Ireri alilisukuma kabati kwa bega lake. Mlango ulikuwa na komeo la chuma upande wa nje. Upande mmoja ulishikwa na skrubu zote. Upande wa pili skrubu zilikuwa zimeng'olewa, na patasi ilikuwa imeanza kula mbao, kazi safi ya mkono unaojua. Mahali hapo palikuwa pamefungwa kwa waya. Kajuju aliukata waya, akavuta komeo.

Harufu ilitoka kwanza. Kisha wakamwona. Alikuwa mama mzee, mwembamba, ameketi kwenye ukingo wa kitanda akiwa na sweta la kijani. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa bati. Upande mmoja wa mdomo wake uliinama. Alizikunja kope kwa ajili ya mwanga, lakini hakuinamisha uso.

"Sista Cicily?" Kajuju alipiga magoti. "Mimi ni polisi. Naitwa Kajuju."

Mama alihangaika na ulimi wake. Maneno yalitoka moja moja, kama mtu anayevuta maji kisimani kwa kamba fupi.

"Yule... kijana. Yuko wapi?"

Kajuju hakuweza kumdanganya. "Amefariki, mama."

Sista Cicily alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa makavu, na yalikuwa yamejaa ghadhabu ambayo Kajuju hakuwahi kuiona kwa mtu dhaifu namna ile.

"Aliniambia, 'Mama, subiri. Natoa... skrubu.' Halafu... nikasikia... sauti ya huyu." Mkono wake mzima ulinyooka kuelekea ushoroba, ukampita ndugu yake, ukasimama kwa Maxine.

"Amechanganyikiwa," Mwalimu alisema haraka. "Ugonjwa umemla akili. Ndiyo maana tunamfungia, asijidhuru. Maxine jana hakuwa hapa hata kidogo. Mwambie, mama watoto. Ulikuwa kanisani."

"Ndiyo," Maxine alisema. "Nilitoka saa nane. Nilirudi giza."

"Mvua ilianza saa tisa," Kajuju alisema huku akisimama. "Mama, nguo zako zilikuwa kwenye kamba. Nilikaa karibu nazo leo asubuhi, kavu, zimekunjwa, zinangoja pasi. Nani alizianua? Mwalimu yuko Embu. Mzee Kivuti ulimfukuza saa sita. Sista yuko nyuma ya komeo. Nani alitoka mbio kuanua nguo mvua ilipoanza?"

Maxine akaegemea ukuta.

"Mutugi hakupanda ngazi yoyote. Angekanyaga tope, na nyayo zake ni safi. Angenyeshewa, na kifua chake ni kikavu. Aliuawa hapa, juu ya sakafu yako ya nta. Ukangoja mvua ikatike, ukampeleka nje kwa wilbaro, ukaiosha, ukafagia alama za gurudumu. Ukamwekea ngazi na mfuko. Lakini fundi hatengenezi tangi kwa patasi, na hakuna patasi bila nyundo. Iko wapi nyundo yake?"

"Usijibu!" Mwalimu alifoka. "Usimjibu huyu!"

Maxine akamgeukia mumewe. Upole wote ulimtoka usoni kama rangi ya bei rahisi.

"Nisijibu? Wewe ulikuwa wapi? Embu! Kila wiki Embu, na wakili, na mnunuzi wa shamba! Ni mimi niliyemlisha dada yako. Ni mimi niliyemwosha. Uliniambia ni mwezi mmoja tu, mpaka umiliki wa boma uhamishwe. Sasa ni mwaka! Akaanza kupata nguvu, akaanza kutikisa mlango, nikakuambia, ukaniambia 'Tafuta fundi.' Tafuta fundi! Haya, nilimtafuta!"

"Maxine..."

"Nyundo iko chini ya kuni, jikoni," alimwambia Kajuju. "Alikuja akasema amepata skrubu. Nikaenda kuanua nguo. Niliporudi nikakuta anafungua badala ya kufunga. Nilimwambia aache. Nilimsihi. Hata hakugeuka. Aliniambia, 'Mama, hata mbuzi hafungiwi hivi.' Kwa nyumba yangu! Kijana wa kurekebisha pasi ananiambia mimi hivyo! Nyundo ilikuwa hapo sakafuni."

"Si nyumba yako," alisema Sista Cicily kutoka kitandani. Maneno hayo matatu yalitoka bila kukwama hata kidogo.

Ireri aliileta nyundo ikiwa imefungwa kwenye mfuko. Kajuju aliwafunga pingu wote wawili, mke kwa mauaji, mume kwa kumfungia dada yake na kupanga kumnyang'anya mali yake. Mwalimu aliuliza kama wangeweza kupitia mlango wa nyuma, kwa heshima ya kanisa. Kajuju akawapitisha langoni mbele ya mtaa mzima, kwa mwendo wa polepole.

*

Alasiri Sista Cicily alikuwa hospitalini, dirisha la wodi limefunguliwa wazi kama alivyodai. Abdi alikuwa ameachiliwa. Mkuu wa kituo alimpongeza Kajuju kwa simu, kisha akaongeza kwamba lile jambo la marehemu kufika kituoni si lazima liingie kwenye ripoti, kwani halibadilishi kitu.

"Limeshaingia, bosi," Kajuju alisema, akakata simu.

Alikwenda hadi dawati la mapokezi. Kiunga alikuwa pale, akijifanya kupanga kalamu.

"Vaa kofia yako. Twende."

"Wapi?"

"Kwa Ntinyari. Mke wa Mutugi. Anajua mumewe ameuawa. Hajui alipitia hapa kwanza."

Kiunga akapauka. "Sajini, wewe ndiye mwenye kesi. Na wewe ni mwanamke, utajua namna ya..."

"Ni wewe uliyezungumza naye. Mimi sikuwepo."

Nyumba ya Mutugi ilikuwa nyuma ya soko la Gakoromone, vyumba viwili vya mbao. Uani palikuwa na pasi, redio na birika za watu, zikingoja kutengenezwa. Wanawake wa jirani walikuwa wakipika chai kwa sufuria kubwa. Ntinyari alitoka akiwa na leso begani. Hakulia. Alisimama akawatazama polisi hao wawili bila kuwakaribisha ndani.

Kiunga alivua kofia. Alianza mara mbili, akashindwa. Mara ya tatu alisema kwamba jana asubuhi Mutugi alifika kituoni. Kwamba alieleza kuhusu mtu aliyefungiwa. Kwamba yeye, Kiunga, alimwambia ni mambo ya familia. Kwamba alimwambia alete ushahidi. Sauti yake ilizidi kushuka, na neno la mwisho halikusikika kabisa.

Wanawake waliacha kukoroga chai. Ntinyari hakumtukana wala hakumpiga. Aligeuka, akaingia ndani, na Kiunga akapumua, akadhani yamekwisha. Akageuka kurudi garini.

"Wewe, ngoja," Ntinyari alimwita.

Alikuwa ametoka tena, amemshika mkono bibi kizee mwenye mgongo uliopinda, akamketisha kwenye kiti mbele ya Kiunga.

"Huyu ndiye mama yake," alisema. "Masikio yake hayasikii vizuri. Rudia yote. Kwa sauti kubwa."

Kiunga alimtazama Kajuju. Kajuju akamwonyesha bibi kwa kidevu.

Bibi aliinua uso, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akangoja.